TAA ZA BAISKELI: NAMNA YA KUZICHAGUA KWA SAFARI ZA USIKU



Kila msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, baiskeli huongezeka katika barabara za vijiji vyetu. Mkulima huleta pamba kituoni kwa baiskeli, karani wa mizani huja kazini kwa baiskeli, na katibu wa chama hupeleka taarifa zake kwa baiskeli. Siku pamba inapokuwa nyingi, mizani hufanya kazi mpaka jua linazama, na watu wote hao hurejea makwao gizani. Katika miezi ya msimu, huku Kanda ya Ziwa, jua huzama yapata saa 1 kasorobo jioni. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, giza halichelewi: baada ya dakika 25 hivi, mpanda baiskeli asiye na taa huwa amemezwa na usiku.

Hatari hiyo si ndogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio sisi. Kwa hiyo yafaa kila chama kilifikirie jambo la taa kwa uzito uleule kinaofikiria mbegu na dawa. Makala haya yanaeleza taa ipi inunuliwe kwanza, namna ya kuijaribu kabla ya kulipa, mahali pa kuifunga, na jinsi chama kinavyoweza kuwasaidia wanachama kuzipata.

Kuona na kuonekana

Taa ya baiskeli ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha mpandaji njia: shimo, jiwe, mfereji, au ng'ombe aliyelala barabarani. Ya pili ni kumwonyesha mpandaji kwa watu wengine. Wanunuzi wengi huifikiria kazi ya kwanza tu, na ndiyo maana huuliza dukani, "Taa hii yamulika mbali kiasi gani?" Swali hilo ni jema lakini halitoshi. Mtu akiangushwa na shimo aghalabu huinuka na kujipangusa. Akigongwa na gari lililomfuata nyuma bila kumwona, nafasi ya kuinuka ni ndogo.

Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva huhitaji yapata sekunde moja na nusu kuitambua hatari na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33. Baada ya breki kushika, hata juu ya lami kavu, gari huhitaji mita nyingine 35 hivi ndipo lisimame. Jumla ni karibu mita 70. Sasa, dereva aliyeinamisha taa zake ili asimwumize macho mwenzake anayekuja mbele, humwona kwa shida mtu mwenye nguo nyeusi akiwa katika mita 50. Maana yake ni kwamba anapomwona mpanda baiskeli asiye na taa, amekwisha kuchelewa. Awe dereva mwema au mbaya, hesabu haibadiliki.

Taa ya nyuma inunuliwe kwanza

Kutokana na hesabu hiyo, mwanachama mwenye fedha za taa moja tu, naye hupita barabara kuu, anashauriwa aanze na taa nyekundu ya nyuma. Kwa bahati njema hiyo ndiyo taa ya bei nafuu. Taa ndogo nyekundu ya LED hutumia umeme kidogo sana, huweza kuwaka usiku mwingi kwa betri zilezile, na huonekana kutoka mita mia kadhaa. LED ni kijitaa kisicho na uzi wa kuungua kama globu ya zamani, kwa hiyo hakikatiki upesi kwa mtikisiko wa barabara ya changarawe.

Rangi zisichanganywe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu cha 44, unataka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na vifaa vya kutoa mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwanga mwekundu nyuma. Utaratibu huo una sababu. Dereva aonapo mwanga mwekundu hujua kuwa anakifuata chombo. Aonapo mweupe hujua kuwa chombo kinamjia. Mtu anayefunga tochi nyeupe nyuma ya baiskeli humdanganya dereva, naye dereva huamua vibaya wakati wa kupishana.

Kuna pia jambo la kumetameta. Taa inayowaka na kuzimika upesi huvuta macho, nayo yafaa wakati wa magharibi au katika vumbi. Lakini katika giza kamili humpa dereva taabu ya kukadiria umbali, kwa sababu mwanga humpotea kila mara. Nunua taa inayoweza kutulia, na usiku itumie ikiwa imetulia. Taa iliyo na kumetameta peke yake haifai kuwa taa pekee ya baiskeli.

Mahali pa kuifunga taa ya nyuma ndipo wengi hukosea. Taa hufungwa kwenye madigadi au chini ya tandiko, kisha furushi la pamba, gunia la mkaa au dumu la maji hupakiwa kwenye keria na kuifunika kabisa. Mpandaji huamini kuwa ana taa, kumbe dereva haoni kitu ila giza lenye umbo la gunia. Taa ifungwe kwenye ncha ya nyuma ya keria, chini ya usawa wa mzigo, ikitazama nyuma moja kwa moja. Isitazame chini wala angani. Mzigo ukizidi hata hapo, taa ifungwe juu ya mzigo wenyewe kwa mpira wa kufungia. Kabla ya kuondoka, nenda nyuma hatua 20, ugeuke, utazame. Usipoiona wewe, hakuna atakayeiona.

Taa ya mbele

Nguvu ya taa ya mbele hupimwa kwa mwendo wa mpandaji. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa huhitaji mita 13 au 14 ili aone kikwazo, ashike breki na kusimama. Akiteremka mlima kwa kilomita 30 kwa saa, huhitaji mita 24 hivi, na kwa mzigo mzito au breki dhaifu huhitaji zaidi. Basi taa inayomulika mita 15 vizuri yamtosha mtu wa tambarare, mradi apunguze mwendo kwenye mteremko. Taa inayomulika mita 5 tu ni ya kuonekana, si ya kuendea.

Kwenye maboksi ya taa huandikwa lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Taa ya LED ya wati 1 huweza kutoa lumeni 100 hivi, ilhali globu ya zamani ya wati 2.4 haikufikia nusu ya mwanga huo. Mwanga mweupe wa namna hii uliwezekana baada ya kuvumbuliwa LED ya buluu, kazi iliyowapatia wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Hata hivyo, lumeni nyingi zilizotawanyika angani hazimsaidii mpandaji. Bora mwanga wa wastani ulioelekezwa barabarani. Ndiyo maana Wajerumani hupima taa ya baiskeli kwa luksi, yaani mwanga unaofika mahali panapomulikwa, na kanuni yao ya siku nyingi hutaka angalau luksi 10 katika umbali wa mita 10. Kwa kulinganisha, mbalamwezi kamili hutupa yapata robo ya luksi tu.

Taa ya mbele ikiwa kali mno na imeinuliwa, humpofusha anayekuja. Ili kuielekeza vema, simamisha baiskeli kwenye uwanja ulio sawa, mita 5 kutoka ukutani. Ikiwa taa iko sentimita 90 juu ya ardhi, kitovu cha mwanga kiwe ukutani katika kimo cha sentimita 60. Kwa kipimo hicho mwanga utagusa barabara mita 15 mbele ya taa. Kisha kaza skrubu.

Tochi ya kushika mkononi haifai, kwa kuwa huuacha mkono mmoja peke yake kwenye usukani na breki. Taa ya simu nayo ni ya dharura tu. Haihimili mvua, na huimaliza betri ambayo pengine ndiyo itakayohitajika kuita msaada. Taa ya kuvaa kichwani huwa na manufaa wakati wa kuziba pancha, lakini njiani humwelekea kila unayemtazama, na hivyo hupofusha.

Dainamo au betri

Wazee wetu walitumia dainamo, na dainamo bado ina heshima yake. Haidai kuchajiwa wala kununuliwa betri. Mradi gurudumu linazunguka, taa inawaka. Dainamo ya kawaida ya kugusa tairi ni ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na wati 0.6 kwa taa ya nyuma. Mgawanyo huo uheshimiwe. Globu ya nyuma ikikatika, umeme wake husukumwa kwenye globu ya mbele, nayo hukatika baada ya muda mfupi. Basi ukiona ya nyuma imekufa, usiendelee na safari ukifikiri ya mbele yatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kasoro za dainamo zajulikana. Hufanya pedeli kuwa nzito kidogo, huteleza juu ya tairi lenye tope, na taa zake za zamani huzimika baiskeli inaposimama, pengine katikati ya njia panda. Siku hizi ziko taa za LED za dainamo zinazohifadhi umeme kidogo na kuendelea kuwaka kwa dakika chache baada ya kusimama. Ukizipata, hizo ni bora. Dainamo nyingi hurudisha umeme kupitia fremu ya baiskeli badala ya waya wa pili. Ikiwa taa haiwaki ilhali globu ni nzima, kwangua rangi na kutu pale inapofungiwa skrubu, na mara nyingi taa itawaka.

Taa za betri ni nyepesi na huwaka hata baiskeli ikiwa imesimama. Ziko za aina mbili: zinazotumia betri kavu za dukani, na zinazochajiwa kwa waya kama simu. Kijijini kusiko na umeme wa uhakika, betri kavu hupatikana kwa urahisi zaidi. Penye umeme au paneli ya jua, taa ya kuchaji huokoa fedha kwa muda mrefu. Usichanganye betri mpya na kuukuu, na msimu ukiisha zitoe, kwani huvuja na kula springi za taa. Betri ya kuchaji iliyovimba isitumike tena, wala isitupwe motoni.

Mnunuzi wa taa ya kuchaji ajue kusoma maandishi ya betri. Chukua namba ya mAh, zidisha kwa volti, gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa. Betri ya mAh 2,000 na volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Taa ya wati 1 itawaka kwayo saa 7 hivi; taa ya wati 3 haitazidi saa 2 na nusu. Jihadhari na namba za ajabu. Betri ya mviringo ya lithiamu yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 huuzwa pengine ikiwa imeandikwa mAh 9,900. Hakuna betri ya ukubwa huo inayofikia hata nusu ya kiasi hicho. Muuzaji anayedanganya kwenye betri atakuwa amedanganya na kwenye taa.

Viakisi na mavazi

Kiakisi hakina betri wala waya; huurudisha mwanga wa gari kuelekea kule ulikotoka. Ni kitu rahisi ambacho kila baiskeli yapaswa kuwa nacho: chekundu nyuma, cheupe mbele, na vya manjano kwenye pedeli. Vya pedeli vina faida ya pekee, kwa sababu hupanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua upesi kuwa huyo ni mtu anayeendesha baiskeli. Vya kwenye spoki huonekana kutoka ubavuni, penye njia panda. Vumbi likivifunika havifanyi kazi, kwa hiyo vifutwe kila safari.

Lakini kiakisi hakichukui nafasi ya taa. Pasipo mwanga unaokipiga, nacho ni giza. Hakikusaidii mbele ya pikipiki iliyozimika taa, wala mbele ya mpanda baiskeli mwenzako asiye na taa.

Kuhusu mavazi, shati jeupe ni bora kuliko la rangi nyingine, na kizibao cha kuakisi kama wavaavyo waendesha bodaboda ni bora zaidi. Wengi hudhani nguo nyekundu huonekana usiku. La, gizani huwa kama nyeusi. Ukanda wa kuakisi unaobandikwa kwenye malori waweza kubandikwa kwenye madigadi, keria na hata kushonwa kwenye turubai la kufunikia mzigo. Gharama yake ni ndogo.

Kuijaribu taa kabla ya kulipa

Taa zote hung'aa juu ya meza ya duka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi usiisikilize sifa, ijaribu. Majaribio haya hayahitaji fundi.

1. Umbali. Usiku, mtu mmoja asimame na baiskeli kwenye barabara iliyonyooka, mwingine aende hatua 200. Taa ya nyuma ionekane wazi, nayo ionekane pia kutoka pembeni kidogo.

2. Muda. Iwashe taa yenye betri mpya au iliyojaa jioni, iache. Kila baada ya saa moja ilinganishe na nyingine iliyowashwa wakati huo. Usihesabu saa iliyozimika. Hesabu saa ilipoanza kufifia.

3. Maji. Imwagie maji kwa kopo kutoka juu na pembeni kwa dakika 5, kisha ifungue. Ukikuta maji ndani, mvua ya masika itaiua.

4. Mtikisiko. Ifunge kwenye baiskeli, upite njia mbaya kwa nusu saa. Itazame kama imelegea, imeinama au imezimika.

5. Swichi. Iwashe na kuizima mara 50. Swichi ndiyo huanza kufa katika taa nyingi za bei ya chini.

Kazi ya chama

Mwanachama mmoja akienda dukani hawezi kuomba taa ya kujaribu. Wanachama 60 wakinunua kwa pamoja, mfanyabiashara atatoa sampuli, atapunguza bei na atakubali kubadilisha mbovu. Hiyo ndiyo faida ya ushirika, nayo iko wazi katika jambo hili. Utaratibu unaofaa ni huu.

Kwanza, katibu aandikishe wanaohitaji, akionyesha kila mmoja anahitaji taa ya mbele, ya nyuma au zote mbili, na kama kwake kuna umeme wa kuchaji. Wanaopita barabara kuu ya lami watangulizwe.

Pili, bodi iombe bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu, pamoja na sampuli moja moja. Sampuli zijaribiwe mbele ya wanachama, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Taa ichaguliwe na majaribio, siyo na urafiki.

Tatu, mapatano yataje muda wa dhamana, idadi ya taa za akiba, na upatikanaji wa globu au betri za namna hiyo. Taa ambayo betri yake haipatikani wilayani itakuwa pambo baada ya miezi michache.

Nne, mali ikifika, ihesabiwe na kukaguliwa kabla ya katibu kutia sahihi hati ya kupokelea. Iingizwe katika leja ya ghala, na kila mwanachama atie sahihi anapochukua yake. Wanaolipa kidogo kidogo wafunguliwe ukurasa katika leja ya wanachama. Makato ya malipo ya mazao yafanywe tu kwa ridhaa yao ya maandishi. Nia njema isiyo na vitabu hugeuka kuwa hoja ya ukaguzi, na kuwavunja moyo wanachama wasitake kununua pamoja tena.

Tano, chama kiweke siku moja kila mwezi wa msimu ya kukagua taa na viakisi pale kituoni, wakati watu wanangoja kupimiwa. Fundi baiskeli wa kijiji aalikwe. Kazi ya dakika 5 kwa kila baiskeli yatosha.

Mwisho, bodi zikumbuke kwamba taa iliyo bora kupita zote haiuzwi: ni mwanga wa jua. Mizani ikifunguliwa mapema asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na wanaotoka mbali wakapimiwa kwanza, wengi watafika makwao kabla ya giza. Mikutano nayo ianze kwa saa iliyotangazwa. Mkutano wa saa 8 unaoanza saa 10 huwarudisha wajumbe usiku bila sababu.

Ndugu wanachama, tahadhari kabla ya hatari. Jioni ya leo, kabla ya kupanda baiskeli, rudi nyuma hatua 20 utazame. Katika mkutano ujao wa bodi, katibu alete orodha ya wasio na taa nyekundu nyuma, ili msimu ujao orodha hiyo isiwe na jina la mtu.